Mama Mkwe Kapewa Nyumba Tatu

Ukitaka kujua waheshimiwa wako njiani, angalia barabara. Njia ya kuingia kwetu ilikuwa na mashimo ya kumeza punda na mzigo wake, na tulishayazoea, mengine tulishayapa majina. Kisha asubuhi moja greda likaja likailamba njia yote, malori yakamwaga kokoto, na watu wakaimwagia maji ili vumbi lisiruke. Kokoto zilifika mpaka pale magari ya wageni yatakapogeuzia, zikaishia hapo hapo. Mbele ya hapo mashimo yaliachwa kama yalivyo, maana huko tunaishi sisi tu.

Sisi ni watu wa mabanda. Serikali ilituhamisha kwenye nyumba zetu ili ipitishe barabara kuu, ikatuweka kwenye mabanda ya mabati, ikasema ni ya muda tu wakati inatujengea nyumba za kudumu hapo jirani. Watoto waliozaliwa ndani ya huo muda sasa wanaota ndevu. Na nyumba za kudumu zipo, usije ukasema hazipo. Ipo misingi, zipo kuta zilizofika kiunoni, zipo nondo zilizochomoza zikala kutu, na mbuzi wamehamia vyumbani bila kusubiri kukabidhiwa. Iliyokamilika ni moja. Hiyo moja ina paa, ina madirisha, ina umeme, na ndani yake, nalisema hili kwa heshima zote, ina choo cha kukaa, chenye maji.

Habari ya choo naitaja kwa sababu ya mama mkwe wangu. Huyu mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, alitawala jiko kwa mwiko mrefu kumpita, na mpaka leo akikuambia "wewe!" unaacha unachokifanya hata kama hujui kosa lako. Lakini nyonga zimemwisha. Choo cha mabandani kiko ng'ambo ya uwanja, kilichimbwa kwa ajili ya watu wachache na tunakitumia umati mzima, na foleni yake haina adabu. Kwa miguu yake hawezi kufika. Mwanawe, yaani mume wangu, ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani tunamwona kwa nadra. Kwa hiyo ninambeba mimi, mgongoni, mchana kweupe, mbele ya watu aliokuwa akiwapakulia chakula walipokuwa wadogo. Njiani hasemi neno. Anajifunika uso kwa kanga, nami namsikia anavyopumua shingoni mwangu. Siku hizi amepunguza kula na kunywa ili asinisumbue. Mtu aliyelisha shule nzima anajinyima uji kwa kuogopa safari ya chooni. Hilo linaniuma kuliko mvua inayotuvujia.

Sasa aje Ratiba.

Ratiba ndiye afisa makazi wa mkoa. Jina tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu ukimuuliza nyumba zitakwisha lini anakujibu kwamba suala hilo liko kwenye ratiba. Huvaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inataka kukata mtu, na ana simu mbili, moja anaijibu kwa kunyenyekea na nyingine kwa kufoka. Alinikuta kwenye cherehani yangu mlangoni mwa banda.

"Dada fundi, nataka mapazia. Ya aina tatu, rangi mbalimbali."

"Ya wapi, bosi?"

"Ya nyumba za mradi. Kamati ya bunge inakuja kukagua. Wanataka kuona familia zilizokwisha kuhamia."

"Nyumba zipi hizo? Mimi naijua moja."

"Wewe shona tu, dada."

Nikashona. Lakini siku nilipokwenda kuyatundika nilikuta mchezo mzima umekwisha kupangwa, nikasimama pale nikacheka mpaka fundi rangi akashuka ngazi kuja kuniuliza nimepatwa na nini. Ile nyumba moja ina milango mitatu: wa mbele, wa ubavuni na wa nyuma. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, wa ubavuni kijani, wa nyuma bluu. Kila mlango uliingia kwenye chumba chake, na kila chumba kilikuwa kimepangwa kiwe sebule, huku milango ya ndani kwa ndani ikifungwa na funguo zikikaa mfukoni mwa Ratiba. Nje walikuwa wanasimamisha uzio wa mabati marefu pande zote mbili za njia, na njia yenyewe ilipinda na kuzunguka mpaka mgeni asijue jua liko upande gani. Uzio ulifunguka mahali patatu tu. Unashushwa kwenye ukuta wa maziwa, unaangalia, unapandishwa gari. Unazungushwa, unaonyeshwa tangi la maji, unazungushwa tena, unafika kwenye ukuta wa kijani na kuambiwa hii sasa ni nyumba ya pili.

Nikajiambia, hakuna mtu mzima atakayepigwa changa la macho la namna hii. Hata kuku ukimzungusha hivyo atajua bado yuko kwao.

Kilichobaki kilikuwa kumpata mzee. Ziara hizi zina utaratibu wake usiobadilika: kwenye kila nyumba lazima mzee asalimiwe, ukuta ugongwe kwa kidole, na swali moja liulizwe. Nyumba isiyo na mzee haipigwi picha. Ratiba alitaka wazee watatu, akafanya mazoezi na mabibi wa mabandani, na mabibi wakamtoa jasho. Mmoja alipoulizwa anaishi wapi alijibu, "Si kule bandani, kwani wewe hupajui?" Mwingine alitaka kwanza aelezwe kama nyumba anapewa au anaazimwa kwa ajili ya picha. Wote wakarudishwa. Mama mkwe wangu alipoulizwa alimkazia macho tu, kimya, na Ratiba akaona shida zake zimekwisha. Ikiwa amempata bibi mmoja anayejua kunyamaza, watatu wa nini?

Alikuja bandani akachuchumaa mbele yake, shati lisiguse chini.

"Mama, wewe utakaa kwenye kiti, watu watakusalimia, basi. Hata kusimama hutasimama. Vijana watakuhamisha na kiti chako, chumba hadi chumba."

"Halafu?"

"Halafu nyumba ni yenu. Ziara ikipita salama, mnahamia siku hiyo hiyo. Naapa hapa mbele ya mkweo."

Mama alifikiri kidogo. "Choo kinavuta maji?"

"Kinavuta, mama."

"Nitakaa."

Usinione zuzu. Nilijua kabisa kwamba kiapo cha Ratiba hakifiki hata kona. Lakini kwa choo kile ningekubali mama avalishwe taji na mimi nimpigie ngoma. Jioni ile alikunywa uji bakuli zima, na nilipomwona analikomba nikageuka nikajifanya natafuta uzi, maana machozi yalikuwa yananitoka na yeye hapendi kuonewa huruma.

Siku ya ziara tuliingizwa mapema. Viti vilitoka kwa wapambaji wa harusi, vyekundu vyenye miguu ya dhahabu, na kwa kuwa ilikuwa seti moja tu, navyo vilitakiwa kuhama chumba hadi chumba pamoja na mama. Kazi hiyo walipewa vibarua wawili wa mabega mapana. Mimi nilipewa sinia la glasi za maji na magauni matatu. Nikaambiwa kwenye nyumba ya kwanza nitakuwa mkwe, kwenye ya pili binti, kwenye ya tatu jirani aliyekuja kutembea. Mama alipangiwa kanga tatu, na kwa ile ya tatu akaongezewa miwani. Ya nani sijui.

Kabla ya yote mama aliomba chooni. Ratiba akashtuka utadhani ameombwa figo.

"Hapana, mama, choo bado. Tumekiosha, tumeweka na maua. Kikitumika sasa kitachafuka kabla wageni hawajakiona."

"Kwani wageni ndio watakaokitumia?"

"Wakishapita tu, mama. Wakishapita ni chako."

Wageni wenyewe walichelewa, kama ilivyo desturi yao, na tukakaa tunawasubiri mpaka maji ya glasi yakawa vuguvugu. Nilimwona mama amekunja mikono tumboni, ameuma midomo. Nikamwambia twende kule kwetu nikubebe, haraka. Akakataa. Alisema safari hii hatoki humu mpaka aingie chooni kwa heshima kama mtu mwenye kwake.

Msafara ukaingia, magari meusi yakifuatana kwenye kokoto mpya, nyuma yao gari la televisheni. Waheshimiwa walishuka na kofia ngumu za ujenzi kichwani, za manjano, wakaingia nazo kwenye chumba chenye mapazia, labda waliogopa pazia litawaangukia. Aliyetangulia alikuwa Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene wa sauti laini, ambaye marashi yake yalifika kabla yake. Alimwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeionaje nyumba?"

"Ina choo."

Wote wakacheka kwa kufurahi, kama watu wanaomsikia mtoto akitamka neno lake la kwanza. Mwenyekiti akagonga ukuta kwa kidole, akatega sikio. "Imara," akasema, na karani akaandika kwamba ni imara. Mheshimiwa mwingine, aliyekuwa anajipiga picha na pazia langu, akakumbuka kuuliza lile swali: je, kuna changamoto? Ratiba akatujibia kwamba changamoto zipo ila zinashughulikiwa. Wakaridhika, wakatoka.

Mlango ulipofungwa tu, kufumba na kufumbua, vibarua walimnyanyua mama na kiti chake, Ratiba akifungua milango ya ndani, viti vikipishana koridoni, mimi nikivua gauni moja na kuvaa jingine nyuma ya kabati. Mama alibadilishwa kanga akiwa hewani. Tulipopita mlango wa choo aliunyoshea mkono.

"Bado, mama, bado," Ratiba akanong'ona. "Wako kwenye tangi."

Wakaingia kwa mlango wa kijani, kofia zao kichwani. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Umeionaje nyumba?" "Ina choo." Wakacheka tena kicheko kile kile. Ukuta ukagongwa, ukawa imara. Nilipopitisha sinia, yule wa kujipiga picha alichukua glasi akaigeuzageuza.

"Glasi hizi nimeziona wapi?"

Ratiba hata hakupepesa. "Ni za mradi, mheshimiwa. Kila familia imepewa."

"Vizuri sana," akasema mheshimiwa, akamgeukia karani. "Andika na glasi."

Nilirudi nyuma ya kabati nikajiziba mdomo kwa gauni. Nilikuwa nacheka kwa dharau, nikiri wazi. Ndio hawa, nikasema. Ndio hawa tunaowapigia kura juani, wanaopishwa barabarani kwa ving'ora. Bibi yule yule, kiti kile kile, mikono ile ile yenye alama za kuungua mafuta, na hakuna hata mmoja aliyemwona. Karibu niwaonee huruma. Niliwaza, masikini, hawana macho, wamezaliwa nayo ya kuangalia kamera tu.

Chumba cha tatu kilikuwa cha nyuma, na mama sasa alikuwa anatoka jasho. Aliposhushwa chini alinishika mkono.

"Mwanangu, nimebanwa. Hali yangu mbaya."

Nikamwambia Ratiba, "Bosi, mama hawezi tena. Fungua choo."

"Dada, wamekwisha kushuka! Utaniponza. Imebaki moja tu."

Akamvalisha miwani kwa mikono yake mwenyewe, ikakaa upande, na mlango wa bluu ukafunguliwa.

Waheshimiwa waliingia. Wengi walikuwa wanaangalia saa, maana chakula cha mchana kilikuwa kinawasubiri mjini. Mwenyekiti aligonga ukuta akiwa bado anatembea. "Imara." Akamwendea mama, nami nilikuwa nimesimama karibu yake kabisa na sinia langu, nafanya ujirani. Aliinama zaidi ya mara zile nyingine, mdomo ukafika sikioni kwake, na hakusema shikamoo.

"Vumilia, mama," alimwambia taratibu. "Hii ndiyo ya mwisho."

Kisha akanyooka, akatabasamu kwa ajili ya picha, akatoka.

Nilibaki pale na sinia. Nikaliweka sinia chini, nikatoka na gauni langu la jirani, nikamkuta amesimama kando ya uzio anasubiri gari lake ligeuze.

"Samahani, mheshimiwa. Umemwambia mama hii ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unajua."

Alivua kofia akajifuta paji la uso. Hakuonekana kushikwa. "Mama, mimi ni mtu mzima. Nina macho."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile ya kijani. Kila mkoa una nyumba yake. Huko tulikotoka jana walitupeleka nyumbani kwa daktari mkuu wa mkoa, picha za harusi yake ziko ukutani. Nyinyi angalau mmejitahidi. Rangi mmepaka." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anatusifu.

"Sasa si useme? Si ndiyo kazi mliyotumwa?"

"Nikisema ni moja, mradi unasimamishwa, uchunguzi unaanza, na hiyo moja inafungwa iwe ushahidi. Nikisema ni tatu, mambo yanaendelea."

"Yanaendelea kwenda wapi, mheshimiwa? Nyuma ya mabati hayo kuta ziko kiunoni. Nipe mkono nikuonyeshe, ni hatua mbili."

"Yanaendelea," akarudia kwa upole ule ule, na hakugeuza shingo kuelekea kwenye mabati.

"Na sisi je?"

"Nyinyi si mmeshapata? Nimemwona mama, amekaa vizuri kabisa."

Mlango wa gari ukafunguliwa, akaingia, kioo kikapanda.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimemdharau kwa kosa lisilo lake. Mjinga ningemsamehe. Mjinga ukimwonyesha ataona, na akiona huenda akaona aibu. Huyu alikuwa ameona. Aliona mwanamke mzee anatoka jasho kwenye kiti cha harusi, akajua anateseka, akajua ni kwa ajili yake, akagonga ukuta wa nyumba ile ile mara ya tatu na mara ya tatu akasema ni imara. Na huruma aliyokuwa nayo yote ilimtosha kumwambia avumilie. Nilitema mate kwenye kokoto zao. Ndiyo, mimi, mke wa mtu, nimelelewa vizuri, nilitema.

Niliporudi ndani lori la wapambaji lilikuwa limeshafika. Mama alikuwa amewaambia vibarua neno moja, "Chooni," kwa ile sauti yake ya jikoni, na wale vijana hawakumsubiri Ratiba aruhusu. Walimpeleka na kiti, wakamwingiza, wakatoka na kiti kitupu, naye akafunga mlango kwa ndani. Viti vyekundu vikaanza kupakiwa. Mapazia yangu yakashushwa. Maua ya sebuleni yakachukuliwa na mwenyewe.

Ratiba alikuwa anaongea kwenye ile simu ya kunyenyekea. "Imekwenda vizuri, mkuu. Tatu, ndiyo, tatu. Wamefurahi." Akaiweka mfukoni, akanigeukia akiwa mtu mwingine.

"Dada, mwambie mama afanye haraka. Nafunga nyumba."

"Unafunga vipi? Si tunahamia leo?"

"Mtahamia, mtahamia, liko kwenye ratiba. Ila mwezi ujao inakuja kamati nyingine, ile ya hesabu za serikali. Sasa nyumba ikikaliwa itachafuka. Watoto, moshi, vyungu... Tutawaonyesha nini?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu huyu alikuwa na nyumba moja mkoa mzima, na sababu ya kutoruhusu mtu alale humo ni kwamba ni nyumba.

"Uliapa," nikasema.

"Nimeapa na bado naapa. Mwambie atoke."

Akaenda mwenyewe kugonga mlango wa choo. "Mama! Tunakusubiri, mama. Gari linaondoka." Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. "Mama, nakuomba utoke sasa." Kimya kile kile alichompendea siku ya mazoezi. Akazungusha kitasa, akasukuma kwa bega kidogo, kiungwana, mlango haukutikisika. Vibarua waliokuwa wanapita na kiti cha mwisho wakasimama kuangalia.

"Vunjeni," Ratiba akawaambia.

"Mlango wa choo, bosi? Na mama mtu mzima yumo ndani?" Mmoja wao akatikisa kichwa. "Mimi hapana. Nina mama." Wakabeba kiti chao wakaenda zao.

Mimi nikakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, mgongo kwenye ule mlango. Sikuwa nimepanga. Miguu ndiyo iliyoamua.

"Na wewe unafanya nini?" Ratiba akaniuliza.

"Nimehamia."

"Dada, usinitafutie balaa. Nitaita polisi."

"Waite. Waambie kuna bibi kizee amevamia nyumba ya serikali. Jioni hii watamwona huyo huyo bibi kwenye taarifa ya habari, Mwenyekiti wa kamati amemwinamia, anampongeza kwa kukabidhiwa. Na wakikuuliza ameivamia ipi, useme ile ya maziwa, ya kijani au ya bluu?"

Alitoa ile simu ya kufoka, akairudisha mfukoni.

"Sikiliza, bosi," nikamwambia, na hasira sikuificha. "Karani wenu kaandika nyumba tatu. Kaandika na glasi. Kwa hesabu yenu mama huyu kapewa nyumba tatu kwa asubuhi moja. Sisi hatuna tamaa. Chukueni mbili, mtuachie moja."

Nje dereva wa lori akapiga honi. Ile simu ya kunyenyekea ikaanza kulia mfukoni mwa Ratiba, na hakuipokea. Alikuwa amesimama katikati ya korido tupu, shati lake limelowa mgongoni, mikunjo yote ya pasi imekwisha. Akausogelea mlango karibu kabisa. Akaanza kusihi.

"Mama yangu. Wewe ni mzazi, utanielewa. Kamati ile ikija ikakuta nyumba ina watu na nyingine hazipo, mimi ndiye nitakayebebeshwa. Si wao wakubwa. Mimi. Nitafukuzwa kazi, mama. Na nyumba ninayokaa ni ya kazi, nitatolewa na watoto wangu. Nitakwenda wapi?"

Niliogopa mama amezidiwa huko ndani. Nikageuza kichwa nitege sikio. Kisha akakohoa, akasafisha koo, na sauti ikatoka ile ile ya kupanga watoto mstari wa chakula.

"Usihangaike, mwanangu. Ukitolewa, ile ya kijani haina mtu."

Halafu tukasikia maji yanavutwa.